Mbwa Huyu Aitwe Nani?



Katika Kitabu cha Tobiti kuna mbwa asiye na jina. Kijana Tobia anaondoka Ninawi kwenda nchi ya Wamedi kufuata fedha ya baba yake, akiongozana na mwenzake wa safari, na mbwa anawafuata. Sura zinapita: samaki mkubwa mtoni, arusi, pepo anayefukuzwa, macho ya mzee yanayoponywa. Wanaporudi nyumbani, mbwa yuleyule yuko nyuma yao. Mwandishi ametupa jina la baba, la mama, la mke na la mkwe. Malaika Rafaeli mwenyewe anatembea kwa jina la kuazima, Azaria. Mbwa peke yake hakupewa hata la kuazima. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi bila kulitazama jambo hilo, mpaka mwaka jana tulipoletewa mtoto wa mbwa hapa Lubutu, na nyumba nzima ikashindwa kukubaliana juu ya jina lake.

Aliletwa na mwindaji mmoja wa vijiji vya msituni, upande wa barabara iendayo Walikale. Mke wake alikuwa amekaa kwetu majuma matatu akingoja siku zake za kujifungua hospitalini, na mama yangu akampikia na kumchotea maji kama binti yake. Mwindaji aliporudi kushukuru, hakuwa na fedha. Alifungua kikapu, na ndani mlikuwa na mbwa, mdogo kama kiatu. Ni wa jamii ile ya mbwa wetu wa zamani: manyoya mafupi mekundu, kifua na nyayo nyeupe, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja mgongoni kama pete, na makunyanzi juu ya paji la uso, kana kwamba ana mawazo mazito. Habweki. Akifurahi hutoa sauti iliyo karibu na kuimba, akiudhika hunguruma, lakini kule kubweka kwa mfululizo kunakowanyima majirani usingizi hakumo ndani yake.

Mama alisema apewe jina upesi, kwani mbwa asiye na jina ni mbwa wa yeyote mwenye mfupa. Na sote, jambo la ajabu katika nyumba yetu, tulikubaliana tangu mwanzo kwamba jina liwe la kale, si la wachezaji wa mpira wala la waimbaji. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu kila mtu alikuwa na ukale wake.

Yaya wangu, anayefundisha shule huko Kisangani, alitoa shauri lake kwa simu: Argos. Huyo ndiye mbwa wa Odyssey, aliyemtambua bwana wake baada ya miaka 20, akatikisa mkia, akafa. Ni habari nzuri, nami naipenda. Lakini Koko, mama mzaa baba, alijaribu kulitamka mara mbili likatoka Arigosi, kisha akauliza kama ni dawa ya minyoo, na shauri la yaya likaishia hapo. Yaya hakukata tamaa. Alitukumbusha kwamba Wayunani walilitafakari sana jambo hili, na kwamba mwandishi wao Xenophon, katika kitabu chake juu ya uwindaji, aliorodhesha majina ya mbwa zaidi ya 40 na kushauri kwamba jina liwe fupi, liitike kwa urahisi. Ushauri huo ni wa miaka zaidi ya 2,300, na mwindaji yeyote wa Lubutu angekuambia vilevile bila kusoma Kiyunani. Jina refu halifiki upande wa pili wa bonde.

Baba alitaja Rex na Médor, majina ya mbwa wa enzi za Wabelgiji, ambayo kwa wazee wengi wa hapa ndiyo majina ya mbwa hasa. Rex ni Kilatini, maana yake mfalme. Koko alimkumbuka Médor mmoja wa mkuu wa shamba, aliyekula nyama siku ambazo wavunaji walikula sombe tupu. Hakusema zaidi, wala hakuna aliyelitaja tena jina hilo.

Ndipo mpwa wangu mwenye miaka minane akasema: Simba.

Ni lazima niseme kwamba kwa vipimo vyote lilikuwa jina bora. Ni Kiswahili safi. Lina silabi mbili, linasikika mbali, Xenophon angelikubali. Na ni la kale kweli: ukipita katika nyua za Kenya na Tanzania, kama kuna mbwa watano, huenda mmoja wao ni Simba. Huko Dar es Salaam ni jina la klabu ya mpira inayoshangiliwa na taifa nusu. Mtoto naye alikuwa na sababu yake, filamu ya katuni ya Marekani ya mwaka 1994, ambayo ameitazama kwenye simu ya mama yake mpaka anaijua kwa moyo. Hakuna aliyekuwa na neno la kupinga. Kwa siku mbili alizunguka ua mzima akiita Simba, Simba, na mbwa mdogo akijikwaa nyuma yake.

Jioni ya pili Koko alikuwa amekaa barazani akichambua maharagwe. Jua lilikuwa bado halijazama. Mtoto akaja mbio kutoka upande wa barabarani, akiita kwa sauti yake yote. Koko aliweka ungo chini, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango. Hakula jioni ile. Asubuhi alimwita mama yangu akamwambia kwamba jina lile lisiitwe tena katika ua huu maadamu yeye yu hai.

Nyinyi mlio katika vikundi vya vijana mnamjua Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite. Mnajua kwamba aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na kwamba Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Tunamwimbia, tunavaa vitambaa vyenye picha yake. Lakini ni mara chache tunataja kwamba waliomuua walikuwa wa jeshi la waasi lililojiita Simba. Jeshi hilo lilichukua Kindu mwezi wa Julai mwaka ule, na mwanzoni mwa Agosti likachukua Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Tazameni ramani mwone Lubutu iko wapi. Wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa wakaahidiwa kwamba risasi za adui zitageuka kuwa maji, nao wakaenda wakipiga kelele za Mai Mulele. Wengi wao walikuwa vijana sana, wa umri wenu na chini yake. Waliwatafuta hasa watu wa kalamu, yaani makarani, walimu na watumishi wa serikali, kwa kuwa waliwaona kama watumwa wa Wazungu waliobaki nyuma kula matunda ya uhuru.

Koko alikuwa na kaka karani. Jambo hilo tulilijua kama tunavyojua majina ya watu wa ukoo waliokufa kabla yetu, bila uso. Tusilolijua ni kwamba siku walipokuja kumchukua, waliotangulia kufika walikuwa watoto wa mtaa, wakikimbia kutoka barabarani wakati wa jioni ili kuwaonya watu, na neno walilolipigia kelele ni hilo moja tu. Simba, Simba. Yeye alikuwa akitwanga. Kaka yake alikuwa na nafasi ya kutoka kwa nyuma, lakini alirudi ndani kuchukua viatu.

Alituambia hayo akiwa amesimama mlangoni, kwa maneno machache, baada ya miaka sitini. Baba yangu, mwanawe, alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

Mpwa wangu hakuelewa yote, na watoto wana haki ya kuuliza. Akasema, “Lakini Koko, simba ni mnyama tu.”

“Ndiyo, mwanangu,” Koko akajibu. “Na wale nao walikuwa watoto tu.”

Tangu siku ile nimewaza mara nyingi juu ya hicho tunachokiita jina la kale. Sisi tulidhani ukale ni umri wa neno, kwamba tukichagua neno lililotumika tangu zamani tumekwisha kuwaheshimu waliotutangulia. Kumbe mzee aliye barazani ana kamusi yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuichapa. Neno lilelile ambalo Dar es Salaam ni mpira na ambalo kwa mtoto ni katuni, hapa Lubutu lina viatu vya mtu ndani yake.

Mbwa wetu akabaki bila jina kwa juma zima jingine, kama yule wa Tobia.

Dada yangu, mama wa yule mtoto, alitaka kutafuta njia ya kati. Alikuwa ameona kwenye intaneti kwamba mbwa wa namna hii ni maarufu duniani, kwamba wanafugwa Ulaya na Marekani kwa bei kubwa, na kwamba huko jamii yao inaitwa basenji. Kwa nini basi tusimwite kwa jina la ukoo wake? Baba alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Akamwuliza, “Unajua maana yake?”

Habari hii inafaa mwijue. Wazungu walijaribu kuwapeleka mbwa wetu Uingereza tangu mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa. Ni katika miaka ya 1930 ndipo mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alipofaulu kuwalea na kuwaonyesha London, na watu wakajaa kumtazama mbwa asiyebweka. Jina alilowapa lilitoka huku kwetu. Katika Lingala basenji ni watu wa porini, watu wasiostaarabika, na Lingala yenyewe ililipokea neno hilo kutoka kwa Kiswahili: washenzi. Na Kiswahili kililileta kutoka pwani. Misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa ilipofika Maniema, na Tippu Tip alipojiweka Kasongo katika miaka ya 1870, watu waligawanywa mafungu mawili. Waliofuata msafara, wakavaa kanzu na kuongea lugha ya pwani, waliitwa waungwana, na hadi leo Kiswahili chetu wengine hukiita Kingwana. Waliobaki na misitu yao, lugha zao na mbwa wao, walikuwa washenzi. Mababu zetu Wakumu walikuwa katika fungu hilo la pili.

Kwa hiyo mbwa huyu anapita katika maonyesho ya London na New York akiwa na cheti, akiwa ameoshwa na kuchanwa, na cheti kinasema kwamba yeye ni wa washenzi. Sisemi kwamba yule mama Mwingereza alikuwa na nia mbaya. Alichukua neno alilosikia. Mbwa wenyewe hawana habari. Tena lipo jambo moja katika historia hiyo linalonifurahisha. Wanaowafuga huko wanapenda kuwalinganisha na mbwa waliochorwa katika makaburi ya Misri ya kale, wenye masikio ya kusimama na mkia wa pete kama wa kwetu. Huko Misri kuna jiwe la chokaa lililopatikana karibu na piramidi za Giza mwaka 1935, lenye maandishi ya miaka zaidi ya 4,000. Yanasimulia kwamba mfalme aliamuru mlinzi wake mmoja azikwe kwa heshima, kwa jeneza, sanda ya kitani na ubani. Mlinzi huyo alikuwa mbwa, na jina lake limeandikwa pale: Abuwtiyuw. Jina la mfalme halikusalimika juu ya jiwe hilo, la mbwa limesalimika. Nilimwambia dada yangu kwamba kama ni ukale, huo ndio ukale, tena wa Afrika. Akaniambia nijaribu kuliita mara tatu nikiwa na njaa.

Mjomba wangu alipopita kutusalimu alikuwa na ushauri wa namna nyingine kabisa. Alisema zamani jina la mbwa halikuwa la mbwa. Lilikuwa barua kwa majirani.

Hili ni kweli, wala si kwetu tu. Huko kaskazini ya Benin, kwa Wabaatombu, mtu akiwa na neno ambalo adabu inamkataza kumwambia mwenzake usoni, humpa mbwa wake jina ambalo ni nusu ya methali, na kila anapomwita mbwa, mwenye kuhusika anasikia na kuimalizia methali moyoni. Wataalamu wa lugha wameandika juu ya desturi hiyo. Ni werevu mkubwa, kwani mtu akikuuliza, wewe ulikuwa unamwita mbwa wako tu. Mjomba aliona kwamba ndiyo desturi nzuri ya wahenga na kwamba tungeifufua, hasa kwa kuwa tuna jirani ambaye hupitishia maji ya mvua katika ua wetu.

Baba alikataa kabla hajamaliza kusema. Nami nilijua sababu, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu nikiwa mtoto.

Katika mpaka wa kiwanja chetu na cha jirani wa wakati ule kulikuwa na mti wa safu. Shina lilikuwa kwetu, matawi mengi yalikuwa kwao, na matunda yalianguka pande zote mbili. Mnajua safu zinavyopendwa. Maneno yalianza kwa utani, yakaendelea kwa wazee wa mtaa, yakafika mahali ambapo wake wa nyumba hizo mbili hawakusalimiana kisimani. Baba, ambaye si mtu wa kupaza sauti, alipata mbwa akamwita Watachoka. Kila asubuhi na kila jioni alisimama karibu na ua akaita, “Watachoka! Watachoka!” Haukupita mwezi, jirani naye akapata mbwa. Akamwita Tutaona. Basi kwa miaka miwili hivi ugomvi uliendeshwa na wanyama. Sisi watoto tulicheka sana. Jambo ambalo wakubwa hawakulitazama ni kwamba mbwa wenyewe walikuwa marafiki, wakilala pamoja chini ya mti uleule, kichwa cha huyu juu ya mgongo wa yule.

Kisha mtoto wa jirani akafa kwa surua. Alikuwa na miaka mitatu. Baba alivaa shati lake jeupe la Jumapili akaenda kwenye matanga, kama ilivyo wajibu, akakaa na wanaume, wala hakuna aliyemkatalia. Nilikuwa nimekaa miguuni pake. Watachoka akatufuata. Alikuwa ametoka kwenye tope, akapita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye mkeka ambapo mama wa marehemu alikuwa amelazwa mapajani mwa dada zake, akasimama pale akimtazama. Wanawake wakanyamaza. Watu wote wakamgeukia baba, wakingoja amwite mbwa wake.

Fikirini jina lile, mahali pale.

Baba aliinuka. Alivuka uwanja wote wa matanga, akainama, akamchukua mbwa mikononi, mbwa mkubwa mwenye tope, akambeba kifuani kama mtoto mpaka nyumbani, wala hakutamka neno. Shati halikutakata tena. Tangu siku ile hakumwita kwa jina lile, alipiga mluzi tu, na mbwa akaishi miaka mingine mitano akiitwa kwa mluzi. Jirani naye aliacha kuita Tutaona, sijui siku gani hasa. Kuhusu mti wa safu, walioishi baada yetu katika viwanja vile wangali wanauzozania.

Mjomba aliposikia baba akikataa kwa ukali ule, alibadili habari.

Kulikuwa na wazo la mwisho, la kumpa jina la mtu, tena la Biblia. Katekista wetu mzee aliposikia alishtuka, akasema jina ambalo mtu anamwagiwa nalo maji ya ubatizo halifai kuitiwa makombo. Namheshimu, na katika mazingira yetu ana haki: kumpa mbwa jina la mtu ni kumtukana mtu, na kuna mitaa ambamo visu vimechomolewa kwa sababu hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, inapozungumza juu ya wanyama, inatuambia tuwatendee kwa wema, tukiwakumbuka watakatifu kama Fransisko wa Asizi na Filipo Neri, lakini tusiwape wanyama upendo ulio haki ya watu. Hata hivyo nilimkumbusha kwa adabu kwamba wataalamu wengi hulihusisha jina la Kalebu, yule mpelelezi mwaminifu aliyeingia nchi ya ahadi pamoja na Yoshua, na neno la Kiebrania la mbwa. Kwa hiyo huko nyuma kuna mama aliyempa mwanawe jina la mbwa bila kuona haya. Alicheka, akasema hilo asingelifundisha katika darasa la Komunyo.

Baba hakucheka. Alikuwa darasa la tatu mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipoamuru kila raia aache jina la kigeni na kuchukua la mababu, naye rais mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré. Mapadre walitishiwa kifungo wakithubutu kubatiza kwa majina ya watakatifu, na Kardinali Malula, aliyepinga, alilazimika kukimbilia Roma kwa miezi kadhaa. Baba anasema alirudi kutoka shuleni siku moja akiwa mtu mwingine katika daftari la mwalimu. Jina jipya lilikuwa zuri, lilikuwa la babu yake, hakuwa na ugomvi nalo. Lakini usiku, mlango ukiwa umefungwa, Koko aliendelea kumwita kwa lile la ubatizo, kwa sauti ya chini, ili asilisahau. Sasa ana yote mawili.

Nadhani ni baada ya kulisimulia hilo ndipo alipotugeukia akatuuliza kwa nini tumewauliza watu wote isipokuwa yule ambaye katika nyumba hii ndiye aliyeyatunza majina.

Koko hakutafakari hata dakika moja. Aliingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa kengele ya mbao, nyeusi kwa moshi, pana kidogo kuliko kiganja, yenye vipande viwili vya mti ndani badala ya ulimi wa chuma. Wengi wenu hamjapata kuiona. Kwa kuwa mbwa hawa hawabweki, mwindaji akienda na nyavu humfunga kengele hiyo shingoni, ili ajue mbwa yuko wapi katika vichaka ambamo jicho halipiti hatua tano, na ili mboloko aliyejificha ashtuke akimbilie wavuni. Wakiwa njiani hujaza majani ndani ili isilie bure. Kila fundi alichonga yake, na kila moja ilikuwa na sauti yake. Koko alituambia kwamba akiwa jikoni jioni aliweza kuitofautisha kengele ya nyumba yake na za wengine kabla watu hawajatokea msituni, na hapo ndipo alipokuwa akiweka maji motoni. Siku ambayo kengele ilisikika lakini mbwa akaja peke yake, alijua kwamba mume wake ameumia, akawatuma watu wamfuate nyuma ya mbwa, nao wakamkuta akiwa hai.

Mbwa yule aliitwa Kengele. “Na huyu ataitwa hivyo,” alisema, akamfunga ile kengele shingoni. Ilikuwa nzito mno, mbwa mdogo akainamisha kichwa mpaka ardhini. Tukaifungua tukaiweka mpaka atakapokua.

Mpwa wangu alilalamika kwamba kengele si jina, ni kitu. Tena lilikuwa na kasoro ya kweli ambayo Xenophon angeiona mara moja: ni silabi tatu, na mtoto anayekimbia ana pumzi ya mbili tu. Kabla ya juma kwisha alikuwa amelikata. Sasa ua mzima unaitika “Kenge! Kenge!” na wapita njia wanasimama kuuliza kwa nini familia ya watu wenye akili inamwita mbwa wake kenge, mnyama mwenye magamba anayeiba mayai. Mama aliona haya. Alimwomba Koko amkemee mtoto, alitamke jina lote kama alivyolipewa.

“Mwacheni,” Koko alisema. Alikuwa amerudi barazani na ungo wake. “Kenge hajaja hapa kumchukua mtu.”